Mafuta ya Samaki na Vifundo vya Mke Wangu

Jumatatu, 3 Machi
Redio imesema mafuta ya samaki yana asidi zinazolinda mishipa ya mjamzito dhidi ya presha. Nikaiacha suruali ya mteja na mguu mmoja, mbio dukani. Mimba ya mke wangu ina miezi minane! Kijiko asubuhi, kijiko jioni. Mama mkwe akasema kliniki ni Jumanne ijayo, nimwache mwanawe apumue. Huyu mama hajaniamini tangu gauni la harusi nililoshona mwenyewe limbane bintiye kwapani.

Jumanne, 4 Machi
Nitamnyamazisha kwa vipimo. Vifundo vya miguu ya mke wangu: sentimita ishirini na tatu. Nimeandika kwenye daftari la wateja, chini ya kiuno cha mwalimu. Mafuta anakuja kuyanywea kibandani kwangu, kando ya cherehani. Mtiifu!

Alhamisi, 6 Machi
Ishirini na sita! Mafuta yanajenga mwili! Ana kichwa tu kinauma, na anaona vimulimuli. Paka watatu wamekita kambi mlangoni. Mteja amerudisha koti, eti linanuka. Wivu.

Ijumaa, 7 Machi
Ishirini na saba. Nani angoje Jumanne? Nimewakokota wote wawili kliniki, daftari kwapani, nimwumbue mama mkwe mbele ya mkunga. Mkunga hakucheka. Alipima presha, akapima mkojo, akasema hizi ni dalili za kuelekea kifafa cha mimba, mke wangu hatalala nyumbani leo. Niliogopa, naandika wazi. Mama mkwe alinishika mkono.

Jumatatu, 10 Machi
Binti! Mdogo, lakini sauti yake inapasua dari. Presha ya mama yake inashuka, ila bado wanamwangalia kwa karibu. Mkunga amesema tungengoja hadi kesho tungekuwa tunasema mengine. Mama mkwe akaniita "mwanangu". Nikalia kama mtoto.

Jumatano, 12 Machi
Mke wangu amekiri. Hakunywa hata tone. Kila kijiko alikimimina kwenye cherehani. Mkunga naye akasema samaki ni chakula kizuri, ila kilichotuokoa ni kuwahi kliniki.

Nimewaza sana. Mke wangu alikaa kando ya cherehani siku nne nzima, akivuta ile harufu. Kumbe mafuta haya hayahitaji hata kunywewa! Kesho nanunua chupa mbili. Mama mkwe analalamika magoti. Nimeshamwekea kiti kando ya cherehani, na tepu ninayo.