Kiwavi wa Kahawia

Jumamosi, 9 Oktoba 1976

Mke wangu Leatha ametamka mbele ya jiko, mkono kiunoni. Baridi ikija kama ya mwaka jana na banda la kuni bado tupu, anakwenda kwa dada yake, huko Georgia. Nimemwambia asubiri kwanza viwavi waseme. Akasema viwavi hawapasui kuni. Mgongo wangu nao haupasui. Unauma tangu Agosti.

Nimekagua nyuma ya nyumba. Viwavi wa manyoya wapo, lakini weusi tii, kichwa hadi mkia. Dalili ya baridi kali. Nimewaokota wote nikawarusha ng'ambo ya uzio, kwa jirani yangu Estill Combs. Baridi hiyo na imwendee yeye, mwenye kuni zilizopangwa mpaka dirishani.

Jumanne, 12 Oktoba

Nimempata! Kiwavi wa kahawia, mmoja tu, chini ya ndoo. Kahawia ni baridi nyepesi, huku hakuna asiyejua. Jumamosi ni mashindano kanisani. Viwavi watapandishwa kwenye uzi, na rangi ya mshindi ndiyo itakayosema baridi itakuwaje. Hata Leatha hilo halibishii. Wangu nimemweka kwenye chupa ya jamu kando ya jiko. Akipata joto atakwenda mbio.

Kindi wanabeba kokwa kama watu wanaohama. Estill amepaza sauti toka kwake, eti hajaona kindi wenye wasiwasi hivi tangu utotoni, na je, aniazime shoka? Nimemjibu kindi ni walafi tu, kama majirani fulani.

Jumamosi, 16 Oktoba

Ushindi! Viwavi wa wenzangu walijikunja kwa baridi ya asubuhi. Wangu, niliyekuja naye kwapani, alipanda uzi bila kutazama nyuma. Mchungaji akatangaza baridi nyepesi, watu wakapiga makofi.

Estill akaninong'oneza, "Hobert, bwana, huyo mdudu umemkaanga?" Nimempuuza. Njia nzima ya kurudi Leatha alitazama milima, hakunitazama mimi. Nadhani ameridhika.

Alhamisi, 4 Novemba

Theluji. Imewahi, lakini inapita tu.

Jumapili, 5 Desemba

Haijapita. Bomba la jikoni limepasuka. Wiki nzima Leatha amekuwa akifukua vijiti chini ya theluji, na sasa anakohoa usiku kucha. Asubuhi nimekuta sanduku lake mlangoni, na lori la Estill linanguruma nje, tayari kumpeleka kituo cha basi.

Akaniambia, "Sikuachi, Hobert. Nakimbia baridi. Pasua kuni, jaza banda, halafu nipigie simu. Nitapanda basi siku hiyohiyo." Kabla ya kutoka akanifunga skafu shingoni, kama mtoto wa shule.

Nimesimama mlangoni mpaka lori likapotea bondeni. Nilijikaza nisilie. Nimelia. Yote haya ameyaleta yule kiwavi.

Jumatatu, 17 Januari 1977

Kijito kimeganda mpaka chini. Nimechoma viti, kisha mlango wa banda la kuni. Banda tupu la nini mlango? Kiti cha Leatha sijakigusa. Nakikalia jioni, na nyumba inakuwa kimya mno.

Estill amekuja na shoka na msumeno wa watu wawili. Amesema tukishikana, banda litajaa upesi. Nikamtajia mgongo. Akaniambia, "Mwenzio anangoja simu, bwana. Ananiuliza mimi kila Jumapili." Nikasema nitafikiria. Akaliegemeza shoka ukutani, akaenda zake bila kuaga.

Alhamisi, 20 Januari

Leo asubuhi ndege mwekundu ametua dirishani! Amegonga kioo kwa mdomo, mara kadhaa, akiniangalia kabisa. Muulize mzee yeyote wa huku: ndege mwekundu akigonga dirisha, mgeni yuko njiani. Na mgeni wangu mimi ni nani kama si Leatha?

Nimefagia. Nimeosha sahani mbili. Maharage yanachemka kwa mbao za rafu ya mwisho. Shoka limefunikwa na theluji, sijui hata liko wapi. Nilinyanyua simu nimpigie, nikairudisha. Ya nini kumpigia mtu ambaye tayari yuko safarini?