Programu za Bure za Atija

Jumatatu, 4 Agosti 2025. Palma, Msumbiji.
Hakuna mteja. Hata mmoja! Mama Zainabo wa ghala la samaki amemwita Atija, binti aliyesomea mjini Pemba, amwekee Linux kwenye kompyuta. Hesabu, stoo, barua: vyote bure, na kila mtu ana ruhusa ya kunakili. Aibu gani! Mimi, Mestre Anuar, fundi wa kompyuta, nimeuza programu za kunakili miaka yote bila ruhusa ya mtu. Zamani, kabla vita havijatukimbiza, mteja wangu Mzee Lázaro alikuja asubuhi, nikamwekea programu, ikagoma, kesho yake karudi, tukacheka hadi adhuhuri. Kazi ilikuwa ile.

Jumatano, 6 Agosti.
Nimemwonya Mama Zainabo: programu ya bure ina jicho, inapeleka siri zake kwa wachuuzi wa samaki wa Namoto, kule mpakani. Akamwita Atija. Atija akasema kila mstari wa programu uko wazi, Mestre Anuar asome atuonyeshe jicho. Akanigeuzia kioo cha kompyuta. Nikasema miwani nimeisahau nyumbani.
“Mestre,” akasema Mama Zainabo, “umeivaa.”

Ijumaa, 8 Agosti.
Nimemwomba Atija nakala ya programu yake. Kanipa papo hapo, mjinga! Nimeibatiza “Anuar Mkuu”. Ikiwaka, inatokea picha niliyoitia: mimi mbele ya kibanda cha zamani, wateja wamebanana kwenye benchi. Wengine walikimbilia Nampula, hawarudi. Wengine hawapo tena duniani. Nikaizima. Nikaiwasha tena, kuitazama tu.

Jumamosi, 9 Agosti.
Nimempelekea Luís wa duka la saruji. Nimeapa nimeitunga mwenyewe. Akasema programu hiyo anayo, kawekewa na Atija. Kisha picha ikatokea. Akagusa kioo. Aliyekaa mwisho wa benchi ni baba yake, Mzee Lázaro. Nyumba yao iliungua, picha hawakubakiwa nayo hata moja. Nikamnakilia. Sikudai kitu. Sijui nilipatwa na nini.

Jumatatu, 11 Agosti.
Kibanda kimejaa! Luís kawaambia watu. Kila mmoja anamtafuta wake pichani. Wanacheka, wanalia, wanatajana majina. Kama zamani! Atija akashauri niiache wazi, kila mtu ajinakilie. Thubutu! Wakishaipata, nani atakuja kwangu? Nimeifunga kwa neno la siri, gumu kabisa.

Jumanne, 12 Agosti.
Neno la siri nimelisahau. Wateja wameondoka. Atija angeweza kuifungua, lakini simwombi ng’o. Nakala ya Luís haina neno la siri; kesho namwambia ina virusi, anirudishie.