Besi ya Mzee, Sauti ya Mama

Jumanne, 3 Juni
Nimeanza rasmi! Mimi Okemwa, mtayarishaji wa muziki wa kompyuta. Duncan wa Birongo anatamba kwenye kila harusi na kinanda cha kuazima. Atakoma. Kwenye simu nina rekodi ya mama akiimba huku akimenya ndizi, wiki chache kabla hatujamzika. Wimbo huo hauna nakala nyingine. Nina pia ya mzee wangu akikoroma. Hiyo ndiyo besi.

Jumatano, 4 Juni
Simu imejaa ngoma za bure za mtandaoni. Nimehamishia sauti zote kwenye kompyuta ya Cynthia, Mkamba mwenye duka la kuchapisha pale Nyamira mjini, kisha nikazifuta kwangu. Nafasi tele! Nimejifunza lupu: unakata kipande, kinajirudia. Nimemkata mama pale anaposema "omwana one", mwanangu. Akaniita, akaniita, mpaka nikatoka nje kujifanya napokea simu. Nimelia nyuma ya duka. Niliporudi Cynthia akasema mdundo wangu unachechemea.

Ijumaa, 6 Juni
Nimekwisha. Cynthia alipiga simu nikiwa soko la mitumba la Daraja Mbili nachagua koti la kisanii. Kompyuta imejaa, afute nini? Nikamwambia asiguse sauti ya mama, zingine ni takataka. Akauliza, hata hii iliyoandikwa "Baba"? Nikacheka. Futa, huyo ni mzee anakoroma tu.

Nilisahau ni nani aliyeziandikia majina. Mimi! Kwa Kigusii! Kwetu baba ni mama, na tata ndiye baba. Cynthia angejuaje? Alidhani "Tata" ni jina la mama yangu. Amemfuta mama, hata kwenye pipa la kompyuta. Lupu nayo imenyamaza, ilikuwa ikichota sauti kwenye faili hiyo hiyo. Nikakaa juu ya robota la mitumba mpaka mwenyewe akanifukuza. Koti nimelichukua.

Jumamosi, 7 Juni
Baada ya kanisa mzee aliomba asikie ule wimbo wa mama niliomwahidi. Alikuwa bado na tai ya Sabato. Badala ya kukiri kuwa umefutwa, nikabonyeza rekodi iliyobaki, aliyonirudishia Cynthia. Akasikiliza hadi mwisho, kiganja sikioni.

"Huyo ni mimi," akasema. "Mama yenu yuko wapi?"

Akaenda kulala bila kula. Sijawahi kujichukia hivi.

Jumapili, 8 Juni
Mungu yupo! Dada yangu Kwamboka ana ujumbe wa sauti wa mama, akimkumbusha kuleta chumvi. Huusikiliza kila asubuhi kabla ya kwenda kuchuma majani chai. Huwa anatabasamu, kisha anafuta macho. Amenipa simu yake nijitumie.

Lakini Duncan je? Akimwomba, Kwamboka hajui kukataa. Basi alipoingia jikoni kunipikia chai, nikajitumia, kisha nikaufuta kwake. Nikamtumia Cynthia, kisha nikaufuta na kwangu, maana kuna ngoma mpya za kupakua. Sasa upo mahali pamoja tu, kwenye kompyuta ya Cynthia, salama kabisa.