Ngurumo, Mwenzangu wa Upanga

Leo nimevuliwa nguo nikiwa nimevaa suti. Mkiona herufi zimeruka, nisameheni.

Mnanijua. Mimi ni mtu wa Kitale, nauza mbegu na dawa za mifugo, sina makuu. Ugonjwa wangu ni mmoja tu: michezo ya simu. Si ile ya zamani, ya kukimbia kwenda kulia mpaka ugonge ukuta. Hii ya siku hizi dunia nzima iko wazi! Ukiona mlima unapanda, ukiona pango unaingia, na hakuna wa kukuuliza umetoka wapi. Wahusika ni wale wa katuni za Kijapani, macho kama sahani na panga refu kuliko mwenyewe. Wangu ni msichana mwenye nywele za waridi (msiniulize kwa nini).

Kwa miezi minane nimecheza na mtu anayejiita Ngurumo. Hatujawahi kuongea kwa sauti, ni kuandikiana tu. Mhusika wake ni jitu la kiume lenye nywele nyeupe mpaka kiunoni. Ngurumo anasoma ramani kana kwamba aliichora mwenyewe. Nikipigwa nikaanguka, ananibeba mgongoni. Nikipanda vibaya, ananigombeza: "Wewe, huo ni mteremko mkali, zunguka kaskazini!" Nilijua ni mwanafunzi wa chuo fulani, asiye na kazi.

Sasa leo. Leo tumeenda Bungoma, pale Kanduyi, kwa kina Nekesa mchumba wangu, kujitambulisha. Sisi asili yetu ni Mlima Kenya, babu ndiye aliyehamia huku Trans-Nzoia, na mila za Bungoma mimi sizijui, kwa hivyo baba mdogo alinisomea sheria njia nzima.

"Kijana, kwa hawa watu mama mkwe hasogelewi. Hakuna kumshika mkono. Hakuna kumwangalia usoni. Akipita huku, wewe pita kule. Ukiharibu hiyo, tunarudi bila bibi."

"Nimesikia, baba mdogo."

Tukafika. Mama Nekesa alibaki jikoni kama desturi inavyotaka, salamu zake zikaletwa na shangazi. Wazee wakaanza hotuba. Ya kwanza ilichukua nusu saa, na huyo alikuwa anatukaribisha tu.

Shida ni kwamba leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kuliua joka la ziwani, na joka lile haliuawi na mtu mmoja. Nikaiweka simu mapajani, chini ya kitambaa cha meza. Nikamwandikia Ngurumo:

"Niko ukweni. Njaa inaniua. Nasikia harufu ya kuku lakini nadhani ni mmoja tu, na sisi tuko kumi na wanne."

Akajibu: "Pole. Hata mimi nina wageni, wamekuja kuchukua msichana wetu. Kijana mwenyewe nimemchungulia dirishani. Suti imemshinda mabega."

Nikacheka kimoyomoyo. Maskini kijana wa watu! (Ndugu zangu, mimi Mungu alinipa kichwa cha kufugia nywele.)

Mara mzee mmoja akasema tufumbe macho, tuombee chakula. Ujumbe ukaingia: "Wameanza kuomba. Tuna dakika tatu. Sasa!"

Nikaandika: "Hata huku wameanza! Twende!"

Na bado sikushtuka.

Sauti nilikuwa nimeizima, naapa. Kumbe nilizima mlio wa simu tu, mchezo wenyewe haukupata habari. Joka likatoka majini. Ngurumo akalikata mkia, mimi nikalirukia kichwani. Pigo la mwisho lazima mbonyeze wote wawili kwa pamoja, na hapo wahusika wote hupiga ukelele. Nikabonyeza.

"HIYAAAA!" ikatoka mapajani mwangu.

"HIYAAAA!" ikajibu kutoka jikoni.

Halafu kifuniko cha sufuria kikaanguka.

Maombi yakakatika katikati. "Amina," akasema mtu mmoja kwa uoga. Macho yote yakafumbuka, yakatua kwangu. Nikaangalia simu. Ngurumo ameandika: "Ngoja. Wewe uko wapi?"

Nikajibu: "Kanduyi."

Akajibu: "Yesu."

Jamani! Mzee wa kina Nekesa, kaka mkubwa wa baba yake, akauliza, "Nani amepiga nduru huko jikoni?"

Shangazi akatokea mlangoni. "Ni Mama Nekesa."

"Amefanya nini?"

"Anasema ameua joka."

"Joka gani? Hapa kwetu?"

"Kwa simu. Wameua na huyu mkwe."

Mzee akanyoosha mkono, nikampa simu. Angalia picha iliyokuwa pale: joka limelala, na msichana wa waridi amebebwa mgongoni na lile jitu, wanasherehekea.

"Huyu msichana wa sketi fupi ni nani?"

"Ni mimi, mzee."

"Na huyu mzee wa nywele?"

"Ni mama," akajibu shangazi.

"Ati mnabebana mgongoni? Tangu lini?"

"Miezi minane," nikasema. Baba mdogo akajifunika uso kwa kofia.

Wazee wakainamiana. Mmoja akasema, "Mwiko ni mwanaume asisogelee mama mkwe. Lakini hapa mwanaume ni mama, bana!" Mwingine akaruka, "Si hiyo ndiyo mbaya zaidi!" Baba mdogo akaanza kupapasa funguo za gari. Nekesa alikuwa mlangoni, leso mdomoni, mabega yanatikisika, na sikujua analia au anacheka. Niliogopa kweli. Nampenda yule msichana, na nilikuwa nampoteza kwa sababu ya joka!

Shangazi akaitwa jikoni. Akarudi, akasimama katikati ya sebule.

"Mama anasema hivi. Huyu kijana anamjua. Wameingia mapango yote pamoja, na hajawahi kumkimbia hata siku moja, hata wakizidiwa. Mtu ambaye hawezi kuacha mzee asiyemjua, ataacha bibi yake? Anasema mazungumzo yaendelee."

Machozi yalinilenga. Hapo ningeishia kusimulia, lakini shangazi alikuwa hajamaliza.

"Anasema pia kuku ni watatu. Na hiyo suti umrudishie mwenyewe."

Sebule nzima ikaangua kicheko. Suti kweli ni ya baba mdogo.

Baadaye Nekesa akaninong'oneza kwamba mama yake alifundisha Jiografia miaka mingi, siku moja akawanyang'anya wanafunzi simu, akataka kuona wanacheza nini. Hajatoka huko mpaka leo.

Wazee wameamua: posa inaendelea, ila mwiko ni mwiko, hata ndani ya simu. Nimefika Kitale nikafungua mchezo. Ngurumo alikuwa ng'ambo ya ziwa, amenipa mgongo. Nami nikampa wangu, kwa heshima.

Basi tafadhali msinicheke. Natafuta mwenzangu mpya wa kucheza naye. Sharti ni moja: aniambie kwanza yeye ni mama wa nani.