Presha ya Mlima wa Taka

Tetemeko lenyewe lilikuwa dogo. Lilitikisa vikombe kwenye kilabu cha areke, pombe kali ya kienyeji, pale mjini Adama, likamwaga kinywaji cha Gizachew, likaondoka bila kuaga. Watu wote wakapiga ishara ya msalaba. Gizachew hakupiga. Alikuwa anamsikiliza mzee aliyekaa jirani, dereva wa zamani wa katapila, ambaye hofu na areke vilikuwa vimemlegeza ulimi.

"Likirudi kubwa litanifukulia shaba yangu," mzee akalalamika. "Magurudumu mawili ya nyaya, mwanangu! Nililipwa niyafukie jaani, kona ya mashariki. Sikuuliza kwa nini."

Gizachew ni mtu ambaye ukimwambia nyumba inaungua, atakuuliza bei ya mkaa. Kesho yake alinunua kofia ngumu ya njano, kibendera chekundu, na mashine kuukuu ya kupimia presha. Tatizo lake lilikuwa moja tu. Pale jaani kuna watu arobaini wanaookota plastiki na vyuma tangu alfajiri, na vibanda vyao viko hapohapo. Huwezi kufukua shaba mbele ya macho themanini. Ilibidi waondoke. Njaa ilishindwa kuwaondoa, harufu ilishindwa. Basi ardhi ijaribu.

Akapanda mlima wa taka, akachomeka kijiti, akakizungushia kile kitambaa cha presha, akapuliza, fyu, fyu, fyu. Akatega sikio. Akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya.

"Mlima huu una presha," akatangaza. "Mia mbili ishirini kwa mia moja thelathini. Tetemeko likija utapasukia hapa." Akasimika bendera kona ya mashariki. "Hapa ndipo watu watakufa. Siku tatu msikanyage. Wote!"

Tolosa, katibu wa chama chao cha kuzikana, akakuna kidevu. "Tufe wote siku moja? Haiwezekani, kaka. Katiba inasema maiti mmoja, wabebaji wanane. Nani atambeba nani?"

"Ndiyo maana nasema muondoke!"

"Waondoke nusu. Nusu wafe, nusu wazike. Hapo hesabu inakaa."

"Mimi niandike wa kuzika!" mtu akapaza sauti.

"Wewe? Ulikosa misiba miwili mwaka huu. Wewe utakufa!"

Kelele zikapanda. Mwenyekiti wao, Aselefech, bibi mfupi mwenye shuka jeupe ambaye wote walimwita Etete kwa heshima, alikuwa bado anaitazama ile mashine.

"Mwanangu injinia," akasema taratibu, "mlima umri wake nao?"

"Miaka thelathini, Etete."

"Basi uache chumvi."

Watu wakacheka. Gizachew naye akacheka, kidogo.

"Tumekusikia," bibi akamaliza. "Chama kitafanya linalopasa."

Gizachew akaenda kukodi mkokoteni wa punda na koleo, akalala usingizi wa mtoto. Asubuhi akarudi akipiga mluzi, na mluzi ukamkatikia mdomoni. Kona ya mashariki palisimama turubai kubwa la msiba, bendera yake ikipepea kileleni. Mabenchi yamepangwa. Sufuria ya nifro, ngano na njegere za msibani, inachemka.

"Etete! Sikuwaambia msikanyage?"

"Turubai huwekwa penye msiba," bibi akajibu. "Wewe mwenyewe umetuonyesha ulipo. Tumekaa, tunausubiri. Na nyumba ndiyo huua, mwanangu. Turubai likikuangukia, unajifunika."

"Na... nguzo?"

"Sita. Upepo wa Adama unaujua, mashimo tumeyachimba marefu. Shimo la tatu likagoma."

Tolosa akafunua gunia. Shaba ikang'aa kama meno ya tajiri. Wahenga walimuonya mchimba shimo kwamba atatumbukia mwenyewe. Kwa anayechimbiwa na wenzake hawakuacha neno.

Lakini mjanja haishiwi. "Ndiyo hiyo!" Gizachew akapiga kelele. "Ndiyo inayovuta matetemeko! Nipakieni upesi niipeleke mbali, mkokoteni ninao."

"Mungu akuzidishie," bibi akasema. "Tulikuwa tunawaza tutaifikishaje kwa mnunuzi."

Wakapakia. Kwa kuwa katiba ni katiba, wanaume wanane wakausindikiza mkokoteni, wanne huku na wanne huku, kama jeneza. Katikati akatembea Gizachew, akimwongoza punda aliyemkodi kwa pesa yake, hadi kwa mnunuzi, ambako fedha ilipita mbele ya pua yake ikaingia mkobani mwa Tolosa.

Waliporudi wakampa sahani ya nifro. Etete Aselefech akaja akakaa kando yake, akakunja mkono wa nguo.

"Kabla hujaondoka, nipime. Zahanati hunifunga hiyohiyo kila mwezi. Ila kijiti chenye mishipa, mwanangu, sijawahi kukiona."

Gizachew akafunga, akapuliza, fyu, fyu, fyu.

"Ngapi?"

"Mia moja ishirini kwa themanini, Etete."

"Umeona? Imeshuka. Shaba ilikuwa imetuelemea." Akaifungua mashine mkononi, akaiweka mapajani pake. "Hii utaiacha. Mlima mgonjwa hauachwi bila kupimwa. Kula, nifro inapoa."