Unga wa Pilipili wa Eulalia

Jumatatu, 18 Novemba

Baridi imeingia leo, ya kwanza mwaka huu. Graciela amepiga simu kutoka Denver. Binti yangu huyo hajakanyaga hapa tangu tumzike mama yake mwezi wa Machi. Anasema atakuja Jumapili, ana hamu ya chili ya mama, ule mchuzi mzito wa nyama na pilipili. Akauliza kama najua kuipika. Nikasema najua.

Sijui. Miaka thelathini na minane nimeila chili ya mke wangu Eulalia, sijachungulia sufuriani hata mara moja. Nyama ilikatwa vipande vidogo, haikusagwa. Maharagwe hayakuingia; hilo hapa Texas mtu huzaliwa akilijua. Siri yote ilikuwa unga wa pilipili, aliouweka kwenye mkebe wa kahawa. Mkebe upo. Mtupu. Baada ya mazishi niliunyunyizia mayai yangu kila asubuhi hadi Juni. Nilidhani hivyo namweka karibu. Kumbe nammaliza.

Anayejua ni dada yake, Otilia, nyumba ya nne kutoka hapa. Hatusemezani. Siku ya mazishi alisema mbele za watu kwamba nilipaswa kumpeleka Eulalia hospitali Jumatatu ile ile alipoanza kuumwa, si kungoja mpaka Alhamisi. Kumwuliza siwezi. Itabidi nitumie akili. Ninayo.

Jumanne, 19 Novemba

Dukani kwa mzee Vogel kuna aina kumi na moja za unga wa pilipili. Nimechagua ulio mwekundu kuliko wote. Mzee Vogel akaniambia ninuse kwanza: unga mzuri hunukia kama zabibu kavu, na mbaya haunukii kitu. Akaniambia pia nisome nyuma ya chupa. Chumvi ikitajwa mwanzo, nimenunua chumvi iliyopakwa rangi. Nikamjibu kwamba nilianza kula chili kabla yeye hajajua kuuza misumari.

Nimepika. Chumvi iliyopakwa rangi.

Nilimpelekea mbwa wa jirani. Alinusa, akanitazama kwa huruma, akaenda zake.

Jumatano, 20 Novemba

Mpango. Kila Jumatano saa tisa mchana Otilia huenda kanisani kusali rozari na wanawake wenzake. Ufunguo huuweka chini ya chungu cha maua; Eulalia ndiye aliyenionyesha, miaka hiyo tukiingia bila kubisha hodi. Nimeingia. Kwenye rafu ya jikoni nikakuta chupa isiyo na jina, ndani mna unga wa kahawia unaokaribia wekundu. Nikamimina nusu kwenye leso, nikafunga, nikatoka. Dakika nne tu. Ukutani kuna picha yao wawili wakiwa wasichana, wamevaa aproni zinazofanana. Sikuitazama sana.

Nimefika nyumbani bila kofia.

Alhamisi, 21 Novemba

Nimetia vijiko vitano. Nyumba nzima ikanukia Krismasi. Nikasema ni dalili njema. Nikaonja. Ni kakao na mdalasini, ile ya kutengenezea chokoleti ya moto. Nyama ya ng'ombe imekuwa kama keki ya harusi iliyozeeka.

Alasiri hodi ikapigwa. Otilia, na kofia yangu mkononi.

"Shemeji," akasema, "kofia yako inatembea siku hizi."

Nikamweleza kwamba nilipita kukagua bomba la gesi, maana nilisikia harufu.

"Kwangu napikia umeme. Mwaka wa sita huu."

Akaingia. Akanusa hewa, akafunua sufuria, akafunika. Hakucheka, na afadhali angecheka. Akakaa kwenye kiti cha Eulalia bila kukaribishwa, akaanza kusema taratibu huku akitazama mikono yake. Kwamba pilipili za ule unga ni za aina tatu: ile pana nyeusi iitwayo ancho, ya utamu, ile ndefu nyekundu, ya rangi, na zile ndogo ndogo, za ukali, ila kidogo tu. Unazikaanga bila mafuta, unasaga, unatia bizari nyembamba na kitunguu saumu kikavu. Kwamba nije kwake kesho tusage pamoja. "Na lile neno nililolisema pale makaburini, shemeji, mimi..."

Nikamkatiza. Nikamwambia asijisumbue, nimeshapata maelezo yote, yameandikwa kwa mkono wa Eulalia mwenyewe.

Eulalia hakuandika kitu. Otilia anajua kwamba hakuandika.

Akaiweka kofia mezani, akatoka. Nikasikia lango likifungwa polepole. Nimekaa hadi jua linazama nikijiuliza kwa nini nilisema vile. Mdomo wangu siku zote hutangulia kutoka nyumbani, mimi nafuata nyuma kuomba radhi, na mara nyingi sifiki.

Ijumaa, 22 Novemba

San Antonio, sokoni. Aina tatu ninazo kichwani, kwa hiyo kwake kusaga naenda kufanya nini? Mama muuza pilipili akanifundisha kukunja: ikikunjika kama ngozi laini ni mpya, ikivunjika kama biskuti imezeeka, harufu imekwisha kuhama. Nikafikiri kwa kichwa changu. Zinazovunjika zitasagika upesi. Nikachukua zinazovunjika. Yule mama akaniuliza nyumbani nani anapika. Nikamwambia mke wangu.

Nikazikaanga mpaka zikawa nyeusi, ili ladha iingie. Moshi ukajaa jikoni, sebuleni, mpaka kwenye kabati la nguo zake. Nikafungua madirisha yote. Macho yametoa maji mchana kutwa. Ni pilipili. Iandikwe hivyo.

Unga unaonja kama majivu. Nguo zake zilikuwa bado na harufu yake kidogo. Sasa hazina.

Jumamosi, 23 Novemba

Mpango wa mwisho, na ndio mzuri kuliko yote. Nimenunua chili mgahawani, ule wa barabara kuu, nikaimwaga kwenye sufuria ya Eulalia. Wao hutia maharagwe, kwa ajili ya wageni kutoka kaskazini. Nimeyaokota moja moja kwa kijiko, saa mbili nzima, miwani puani. Sasa haina alama. Mtu akija, atakuta mgane aliyepika.

Jumapili, 24 Novemba

Graciela amefika. Amekonda. Kucheka kwake ni kule kule kwa mama yake, kunaanzia puani. Nikampakulia. Akala kijiko kimoja, cha pili, akaacha kutafuna. Akatoa kitu ulimini, akakiweka ukingoni mwa sahani.

Haragwe.

"Baba," akasema, "hii ya mgahawani."

Nikasema labda lilidondoka kutoka kwenye rafu. Akacheka, kisha kicheko kikageuka kuwa kilio, na mimi sikujua niweke wapi mikono. Akasema hakufuata chili. Alikuja kuona kama bado nakula. Kisha akaniambia jambo ambalo kila mtu alilijua isipokuwa mimi: ule unga haukuwa wa mama peke yake. Kila Oktoba mama na mama mdogo Otilia walisaga pamoja jikoni kwa mama mdogo, kutwa nzima, wakagawana. Nikauliza mimi nilikuwa wapi. Akasema mbele ya televisheni, mpira.

Akaenda kwa mama yake mdogo. Baada ya saa moja akarudi hadi langoni kuniita. Pilipili ziko kikaangoni, mama mdogo anasema nije, kiti kipo. Nikasema goti linaniuma. Akaniuliza goti lipi. Nikachelewa kujibu.

Akaenda peke yake. Kutoka barazani niliisikia mashine ya kusagia ikinguruma, ikanyamaza, ikanguruma. Na sauti mbili.

Jumatatu, 25 Novemba

Graciela ameondoka asubuhi. Ameniachia chupa iliyojaa. Unga wenyewe si mwekundu hata kidogo. Ni wa rangi ya tofali lililonyeshewa. Nilinusa kifuniko tu. Ni wenyewe.

Mlangoni alinishika mabega, kama vile mimi ndiye mtoto. Akasema: "Baba, unga huu ukiisha, nenda kwa mama mdogo umwombe. Basi. Mwombe tu. Yeye anangoja."

Ushauri mzuri. Nimeufikiria asubuhi yote, nikaona unaweza kuboreshwa.

Nimeanza barua. Inatoka kwa Kampuni Kuu ya Viungo ya Houston, ambayo haipo, lakini Otilia hatajua. Kampuni imesikia sifa zake na inaomba kipimo kamili cha kila pilipili, kwa matumizi ya kitaalamu. Nimeandika kwa mkono wa kushoto asitambue mwandiko. Nitaipeleka San Antonio kuitia posta, ili muhuri usiwe wa hapa kwetu.

Mwishoni nimeongeza aya moja. Kampuni ingependa pia kujua, kama si usumbufu, neno alilotaka kumwambia shemeji yake Alhamisi iliyopita kabla hajakatizwa. Kampuni inasema itashukuru sana. Kampuni haipati usingizi.