Kliniki ya Matende Imeninyang'anya Adui

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu za fundi cherehani wa Msimbazi, mwanachama asiyekosa mkutano. Ninaandika kwa heshima, ingawa damu imenichemka, kulalamikia kliniki ya matende iliyofunguliwa karibu nasi, na hasa mganga wake, Dakta Blandina.

Mguu wa mke wangu, Sitara, ulianza kuvimba mtoto wetu wa mwisho akiwa anatambaa. Leo mtoto huyo amemaliza shule. Mtaa mzima unajua sababu. Jirani yetu, Bi Mwanamkuu, aligombana naye juu ya kamba ya kuanikia nguo, akamtegea dawa kizingitini, naye Sitara akairuka. Tangu hapo hatusalimiani na mama huyo. Tulikuwa tumetulia kabisa. Sasa tazama niliyotendewa.

1. Nimenyang'anywa adui. Dakta anasema mguu haukutegwa. Mbu ndiye aliyemwachia Sitara vijidudu, minyoo midogo sana, ikaharibu mishipa inayorudisha maji ya mwili, na maji yakabaki mguuni. Dakta mwenyewe ni binti aliyekulia Kilimanjaro, kwenye baridi. Mbu wetu amewajulia wapi? Na chuki yangu, niliyoitunza kuliko cherehani, niipeleke wapi? Mbu hana hata mlango ambao naweza kuupita bila kusalimia.

2. Ubaguzi. Kwenye zahanati tuliyozoea, kila mgonjwa hupewa vidonge vile vile, awe na kikohozi au mguu, na huo ndio usawa. Mganga wa kienyeji naye alimchanja wembe bila maswali mengi. Kumbe, asema Dakta, chale zile ndizo zilizofungulia njia vidonda na homa za kila mara. Yeye anataka mguu uwe na mganga wake aliyeusomea, aupime kwa utepe kama wangu wa kushonea, aufunge bendeji kwa mkono wake mwenyewe, na jirani yeyote asithubutu kuufunga kwa kukisia. Kwani mguu umekuwa waziri?

3. Sabuni. Napanga foleni duka la ushirika tangu alfajiri, napata kipande, kinaishia mguuni. Unaoshwa kila siku, unakaushwa hadi katikati ya vidole, kisha unapandishwa juu ya kiti. Kiti hicho ni changu. Mimi nakalia ndoo.

4. Hili ndilo linaloniuma kweli: mguu umepungua. Dakta amesema wazi kwamba hautarudi kuwa kama wa usichana, na kliniki asiiache, lakini homa zimepungua na viatu vinaingia. Juzi Sitara alikwenda kwa miguu hadi sokoni Kariakoo, tena na Bi Mwanamkuu! Walirudi wanacheka. Nililia, Ndugu Mhariri, na sijui kwa nini.

Kwa hiyo naiomba serikali initendee haki. Dakta Blandina aandike, na agonge mhuri, kwamba mbu yule alitumwa na Bi Mwanamkuu. Ikishindikana, mbu mwenyewe aitwe kwa mjumbe wa nyumba kumi ajieleze, maana mnyonyaji wa wazi kama yeye chama hakiwezi kumfumbia macho. Hilo nalo likishindikana, kliniki ihamishiwe kwenye baridi, isikokuwa na mgonjwa hata mmoja wa kumtibu, ili uhasama wa watu usalimike.

Wasalimie wote hapo ofisini, wapiga chapa, jamaa zako nyumbani, na yeyote anayefungua barua hizi kabla yako. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mimi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fikirini Seifu,
Msimbazi, Dar es Salaam.

Baada ya sahihi: Sehemu hii usiichape. Watu huniona na kanzu kila siku, wakadhani nimeshika dini. Ukweli ni kwamba suruali ninazowashonea wenzangu, mimi hazinienei. Sitara anasema Dakta amewaeleza kuwa mbu yule yule huwaletea wanaume busha, na kwamba hospitali hulipasua mtu akapona. Niulizie, kwa niaba ya msomaji wako mmoja wa Morogoro, kama kliniki ina mganga mwanamume. Kama hayupo, basi huyo huyo binti. Nimechoka.